Hongo, Merikani na Mtumba: Misingi ya Biashara Huria katika Nyanda za Juu za Kusini

Aghalabu biashara huria huelezwa kana kwamba ni maji yateremkayo mlimani: yaondolewe mawe, nayo yatapita yenyewe. Historia ya Iringa na Mbeya yaonyesha jambo jingine. Katika nchi hizo za baridi, zilizokuwa mbali na bahari kwa safari ya majuma mengi ya miguu, bidhaa za ng'ambo zilifika kabla ya utawala wa Wazungu. Lakini hazikupita hata mara moja pasipo mtu kutoa ruhusa na mtu mwingine kulipia njia. Maneno matatu ya Kiswahili yameihifadhi habari hiyo kuliko hesabu nyingi za forodha, nayo ni merikani, hongo na mtumba. Kila moja lina historia yake, na katika historia hizo huonekana ni nani aliyekuwa na haki ya kusimama mlangoni.

Merikani ni nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, na jina lake lataja kwao. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Wafanya biashara wa Marekani walipewa ruhusa ya kuingia katika bandari zote za Sayyid, wakalipa ushuru wa 5 katika 100 kwa mali waliyoishusha. Tena ikaandikwa kwamba Sayyid na watumishi wake hawatapanga bei. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja akiwa balozi wa kwanza wa nchi hiyo. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Hata hivyo mkataba wa Waingereza uliacha biashara ya pembe na sandarusi katika pwani ya Mrima, toka Mtang'ata mpaka Kilwa, iwe ya Sayyid peke yake. Kwa hiyo uhuru huo ulikuwa na mipaka tangu mwanzo, na mipaka yenyewe iliwekwa kwa kalamu.

Nguo zilipanda bara, na pembe za ndovu zikateremka pwani. Huko Usangu na Uhehe kitambaa kilipimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Pwani pembe zilipimwa kwa frasila. Toka hapo zilivuka bahari mpaka Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut, zikakatwa kuwa vichana na vibao vya piano. Hivyo mwindaji wa bonde la Ruaha na binti aliyejifunza piano katika mji wa Marekani waliunganishwa na soko moja, ingawa hapana hata mmoja aliyejua habari za mwenzake.

Yafaa kutazama pia ni mikono ya nani iliyolibeba soko hilo. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wenye ujira. Lakini pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, hata vita vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipozuka nguo hiyo ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikashika nafasi yake. Hali kadhalika misafara ya bara iliteremsha watumwa pamoja na pembe, na Sayyid Barghash hakutia sahihi mkataba wa kufunga biashara hiyo ya baharini mpaka tarehe 5 Juni 1873. Mali ilipita kwa uhuru, na sehemu kubwa ya kazi iliyoizaa haikuwa huru.

Wataalamu wa uchumi humtaja David Ricardo, aliyeeleza mwaka 1817 kwamba Ureno itafaidika ikitengeneza mvinyo, na Uingereza ikifuma nguo, kisha zibadilishane. Hoja hiyo ina nguvu, wala haijakanushwa kwa urahisi. Ila mvinyo na nguo za mfano wake zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na mkataba wa mwaka 1703 baina ya nchi hizo mbili, ambao ulipunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno na kufungua soko la Ureno kwa nguo za Uingereza. Hata katika mfano mashuhuri wa kitabuni, mlango ulikuwa na bawabu wake.

Bawabu wa njia za bara alitoza hongo. Leo neno hilo ni sawa na rushwa. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa na maana nyingine, yaani malipo ambayo msafara ulimpa mkuu wa nchi ili upite salama, uchote maji na kununua chakula. Wasafiri wengi wa Ulaya waliyaita malipo hayo unyang'anyi. Lakini kwa mkuu aliyeyapokea yalikuwa ushuru wa nchi yake, kama ule wa 5 katika 100 ulivyokuwa ushuru wa Sayyid. Tofauti ni kwamba ushuru wa Sayyid uliandikwa katika mkataba ambao mataifa makubwa yaliutambua, na hongo haikuandikwa.

Tofauti hiyo ilimwaga damu. Mkutano wa Berlin uliomalizika mwaka 1885 ulitangaza biashara huria katika bonde la Kongo, na katika eneo la mashariki yake mpaka Bahari ya Hindi. Uhehe na Usangu zimo. Hapana mkuu hata mmoja wa nchi hizo aliyeulizwa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliendelea kuzitawala njia zipitazo katika nchi yake na kandokando yake, na Wajerumani wakapeleka kikosi kuwaadhibu Wahehe kwa kuwashambulia wasafiri. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi hicho na kumwua mkuu wake, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akafa mwaka 1898. Mji wa Iringa wa leo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, nao umechukua jina litokanalo na neno la Kihehe lenye maana ya ngome.

Walioiita hongo unyang'anyi hawakuondoa malipo mlangoni. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 uliruhusu ushuru wa mpaka 10 katika 100 kwa bidhaa ziingiazo, na serikali ya Wajerumani ikautoza pwani. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ya shamba ikatozwa kodi ya rupia 3, ili mwenye nyumba alazimike kuuza mazao au kuuza kazi yake. Ndipo hongo ikaporomoka maana yake. Malipo ya mlangoni yalihamia kwa serikali mpya na kupewa majina ya ushuru na kodi, na jina la zamani likaachiwa malipo ya siri.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Hati ya mwaka 1922, katika kifungu cha 7, iliagiza kwamba raia wa mataifa yote ya Shirikisho wapewe haki sawa za biashara. Matokeo yake yalionekana dukani. Waingereza walipokubaliana huko Ottawa mwaka 1932 kupendeleana na makoloni yao, na walipoweka mwaka 1934 kiasi maalumu cha nguo za kigeni katika makoloni mengi, hawakuweza kufanya hivyo Tanganyika, kwa sababu mikataba ya bonde la Kongo na hati ya 1922 iliwafunga mikono. Nguo za Japani, zenye bei nafuu, ziliingia na kutawala soko. Kwa mkulima ambaye bei ya mazao yake ilikuwa imeanguka, mlango huo wazi ulikuwa msaada wa kweli, na haifai kuusahau.

Lakini mlango ule ule haukuwa wazi pande zote. Katika miaka ya 1920 Tanganyika iliingizwa hatua kwa hatua katika umoja wa forodha pamoja na Kenya na Uganda, ikawa chini ya ushuru uliolinda ngano, siagi na mazao mengine ya walowezi wa Kenya. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za nchi, aliulaumu mpango huo, kwa kuwa Tanganyika ilipoteza mapato ili jirani apate soko. Hatimaye, katika mkataba wa amani wa San Francisco wa mwaka 1951, Japani iliyokuwa imeshindwa vitani ilitakiwa iache haki zake zote zilizotokana na mkataba wa Saint-Germain wa 1919, uliorithi ule wa Berlin. Kilichoandikwa kwa kalamu kilifutwa kwa kalamu.

Mbeya ilipata somo lake kwa dhahabu. Mashapo ya Lupa, upande wa Chunya, yaligunduliwa katika miaka ya 1920, lakini wingi wa watu ulifika katika miaka ya 1930. Uingereza iliacha kiwango cha dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 serikali ya Marekani ikapandisha bei ya wakia moja toka dola 20.67 hadi dola 35. Mchanga wa mito ya Lupa haukubadilika. Kilichobadilika ni tangazo la Washington. Vijana waliacha mashamba wakaenda kuosha mchanga, mchele wa Unyakyusa ukapata wanunuzi, na Mbeya ikakua kuwa mji. Mkulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe alilijua jambo hilo kwa upande wa pili. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962 uliwagawia wauzaji wa kahawa mafungu yao na kuitegemeza bei; mafungu yalipoondolewa tarehe 4 Julai 1989, bei ya dunia ikaanguka vibaya, na mti wa kahawa ukawa ule ule.

Njia nayo ina historia ya namna hiyo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango mwingine wa shaba yake. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi hazikukubali kuigharamia reli. China ilikubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikipita Makambako, Mbeya na Tunduma. Gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia. Kama zamani, nguo na vyombo vya ng'ambo vililipia njia. Ila safari hii serikali mbili za Kiafrika zilikaa mezani.

Lipo neno la tatu. Mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi. Tangu mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na zaidi katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, neno hilo lilienea kwa maana ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Wananchi walimwita Rais huyo Mzee Ruksa, na neno walilochagua lina busara: uhuru wa soko waliujua kuwa ni ruhusa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa mitumba polepole ili kulinda viwanda vyao. Mwaka 2017 wauzaji wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, wakitegemea sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Tanzania, Uganda na Kenya zikalegeza azimio. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu ya ushuru kwa nguo zake.

Hivyo nguo iliyoingia kwa mkataba wa 1833 ikiwa mpya ilirudi ikiwa imevaliwa, na mashindano yalikuwa yale yale ya mlangoni. Mchuuzi wa mitumba wa Iringa hupata riziki yake katika mlango huo, na mnunuzi hupata shati kwa bei aiwezayo. Mkulima wa pamba na mfumaji huuona kwa jicho jingine. Wote wana haki ya kusikilizwa. Historia ya nyanda hizi haisemi kwamba mlango ufungwe, wala kwamba uachwe wazi. Yasema tu kwamba mlango haujawahi kukosa bawabu, na kwamba anayeambiwa hakuna bawabu hana budi kuuliza ufunguo uko kwa nani.