Deni la Amrouche

Mara ya kwanza kumwona Adel Amrouche nilikuwa nje ya hoteli moja pale Runyenjes, Embu, nikichungulia TV kwa dirisha kwa sababu sikuwa na pesa ya chai. Ilikuwa 12 Desemba 2013. Nilikuwa nimemaliza KCPE, niko tu nyumbani nangoja matokeo. Kasarani kulikuwa na sherehe za miaka 50 ya uhuru, na Nyayo Harambee Stars walikuwa wanacheza fainali ya CECAFA na Sudan. Allan Wanga akafunga la kwanza, akarudi akafunga la pili. Kombe hilo hatukuwa tumelishika tangu 2002. Mwenye hoteli akatuita ndani sote, akagawa mandazi ya bure. Nilimpenda huyo kocha siku hiyo kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifunza.

Amrouche alizaliwa Algiers mwaka 1968. Alicheza mpira wa kulipwa kwao, kisha Ubelgiji, na miguu ilipochoka akageukia ukocha. Akashuka huku kwetu: Motema Pembe ya Kinshasa, halafu Burundi kuanzia 2007 hadi 2012, halafu Kenya. Shirikisho letu likampa mkataba wa miaka mitano. Miaka mitano! Timu ambayo hubadilisha makocha kama soksi.

Mwaka 2014 mambo yakaharibika haraka. CAF ilimfungia mwaka mmoja kwa madai ya kumtemea mate afisa wa mechi tulipocheza na Comoros. Kisha Lesotho wakatutoa kwa jumla ya bao moja kwa bila kwenye mchujo wa AFCON, na Agosti akafutwa. Tukasonga mbele na maisha. Yeye hakusonga. Alichukua karatasi zake akaenda FIFA, kesi ikafika mpaka mahakama ya michezo, CAS, na Kenya ikaambiwa imlipe takriban shilingi milioni 109.

Mwaka 2020 FIFA ilikuwa inatishia kututoa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia 2022 kwa sababu ya hilo deni. Corona ilikuwa imefunga kila kitu, mimi nimeacha chuo, nakaa kwa mjomba Meru, si mbali na uwanja wa Kinoru. Jioni wazee walikaa na miraa yao wakimlaani huyo Mwarabu anayetaka kula pesa za watoto wetu. Mimi nilimtusi kuliko wote.

Mjomba ni fundi wa mawe. Alinisikiza mpaka nikamaliza.

"Kijana, hiyo miaka mitano nani aliandika?"

"Shirikisho, mjomba."

"Na nani alimfukuza mwaka wa pili?"

Nikanyamaza. Akarudi kwa miraa yake. Najua nyumba mbili hapo Meru alizojenga na hakumaliziwa pesa. Hakuna mahali pameandikwa.

Sikumwelewa vizuri hadi nilipoanza kuishi kwa kalamu. Kuna jamaa aliniagiza makala sita, akazitumia zote, akanilipa mbili. Ushahidi wangu ni meseji za WhatsApp na emoji ya kidole gumba. Ndio nikaona Amrouche hakutuibia. Milioni 109 ilikuwa bei ya watu waliotia sahihi bila kufikiria, kisha wakamfukuza mtu bila kusoma walichotia sahihi. Mtoto wa Runyenjes anayecheza kwa vumbi hakuwa mezani mara zote mbili.

Amrouche naye si malaika, mdomo wake humponza. Septemba 2023, akiwa na Tanzania, alienda kwao Algeria, mjini Annaba, akatoka sare tasa na Taifa Stars wakafuzu AFCON kwa mara ya tatu katika historia yao. Hebu fikiria, unaenda nyumbani kuchukua tiketi ya watu wengine. Miezi minne baadaye CAF ilimfungia mechi nane kwa maneno aliyosema kuhusu nguvu za Morocco ndani ya CAF, na Watanzania wakamsimamisha mashindano yakiendelea.

Machi 2025 Rwanda wakamchukua. Nilimtumia mjomba hiyo habari. Akanijibu kwa voice note, nyuma nyundo inagonga jiwe:

"Wamempa miaka mingapi?"