Shule ya Tiba ya Nagasaki: Elimu Iliyoshukia Bandarini

Tarehe 12 Novemba 1857, daktari wa jeshi la majini la Uholanzi aitwaye Johannes Pompe van Meerdervoort alianza kuwafundisha tiba vijana 12 wa Kijapani mjini Nagasaki. Alikuwa na umri wa miaka 28. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Nagasaki, itakayotimiza miaka 170 mwaka 2027. Wewe uliyewasili juzi kuja kusoma hapa, anza na tarehe hiyo, maana historia ya shule hii ndiyo njia fupi ya kuujua mji wenyewe.

Nagasaki ni mji wa ghuba ndefu na nyembamba iliyobanwa na vilima pande zote. Nyumba zimepanda vilimani na ngazi hazina mwisho, miguu itazoea. Wareno walianza kutia nanga hapa mwaka 1571, Wareno wale wale ambao mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Watawala wa Japani walipowafukuza, biashara ya Wazungu ikabaki mikononi mwa Waholanzi peke yao, nao mwaka 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza udongo baharini, chenye umbo la kipepeo cha mkononi na ukubwa wa hekta 1.5 hivi. Kwa zaidi ya miaka 200 hawakuruhusiwa kutoka humo bila kibali. Lakini pamoja na sukari na vitambaa, meli zao zilileta vitabu vya tiba na madaktari. Mmoja wao, Philipp Franz von Siebold, alifungua darasa katika mtaa wa Narutaki mwaka 1824. Miaka michache baadaye alifukuzwa nchini kwa kukutwa na ramani za Japani.

Pompe alifika wakati mlango wa Japani umeanza kufunguka. Fizikia, kemia, anatomia, upasuaji: yote aliyafundisha mwenyewe, kwa Kiholanzi, huku wanafunzi wakihangaika na lugha kama anavyohangaika leo kijana wa Tanga au Kisumu na Kijapani. Mwaka wake wa kwanza haujaisha vizuri, kipindupindu kikaingia mjini mwaka 1858, nacho kilikuja kwa meli. Darasa likageuka wodi. Mwaka uliofuata alipata ruhusa ya kupasua maiti ya mtu aliyeuawa kwa hukumu ili wanafunzi waone kwa macho yao walichokuwa wakikisoma vitabuni. Mwaka 1861 ikafunguliwa hospitali yenye vitanda 124, ya kwanza Japani kujengwa kwa mtindo wa Kimagharibi. Humo Pompe alishikilia jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko majengo: samurai na mchukuzi wa bandarini walitibiwa sawasawa, katika nchi ambayo cheo kiliamua hata nani ainamishe kichwa kwa nani. Aliondoka mwaka 1862. Mwanafunzi wake Nagayo Sensai ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya umma katika serikali ya Japani.

Sasa tufike mwaka 1945. Shule ya Pompe ilikuwa imekuwa chuo, na mkuu wake, Susumu Tsunoo, alikuwa akirudi kutoka Tokyo akapita Hiroshima na kuona mji ulivyofutika kwa bomu moja la atomiki. Tarehe 8 Agosti aliwakusanya wenzake akawasimulia. Kesho yake, saa 5:02 asubuhi, bomu la pili lililipuka juu ya bonde la Urakami, mita mia chache tu kutoka chuoni. Likizo zilikuwa zimefutwa kwa sababu ya vita, hivyo wanafunzi walikuwa madarasani, na madarasa yalikuwa ya mbao. Walimu, wanafunzi na wauguzi takribani 900 walikufa. Tsunoo alijeruhiwa, akafariki tarehe 22 mwezi huo huo. Takashi Nagai, daktari wa eksirei aliyekuwa tayari anaugua saratani ya damu, alipoteza mkewe, na huku mshipa wa kichwa chake umekatika aliendelea kuhudumia majeruhi pamoja na wenzake waliosalia. Nguzo ya lango la chuo bado ipo katika mtaa wa Sakamoto, imeinama vile vile ilivyosukumwa na mlipuko. Nenda uitazame kabla masomo hayajakubana.

Chuo kilihamahama, kikafundishia katika miji ya jirani, kisha kikarudi Sakamoto, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nagasaki kilichoundwa mwaka 1949. Kuhusu chakula, usiwe na wasiwasi: champon, tambi za mchuzi mzito wa mboga na nyama na vya baharini, zilibuniwa hapa mwaka 1899 na Mchina mwenye mgahawa ili wanafunzi wa Kichina washibe kwa bei nafuu. Asiyekula nguruwe aulize kwanza.

Katikati ya miaka ya 1960 safari iligeuka: madaktari wa Nagasaki walianza kupelekwa Kenya, katika hospitali ya Nakuru. Taasisi ya chuo iliyokuwa ikichunguza maradhi ya Asia ya Mashariki ikawa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki mwaka 1967, na mwaka 2005 ikafungua kituo chake Nairobi, ndani ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Watafiti wake wanafanya kazi Kwale na Mbita pamoja na Wakenya, ambao wengine wamesomea Nagasaki.

Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, Noboru Minakawa na wenzake waliandika mwaka 2008 kwamba wavuvi walikuwa wakitumia vyandarua kuanikia dagaa na kuvulia samaki. Baadaye, kisiwani Mfangano, watafiti walijaribu kutandaza chandarua chenye dawa chini ya paa, mahali pa dari, ili kiwakinge wote waliomo nyumbani dhidi ya mbu bila mtu kulazimika kukining'iniza kila jioni.