Mpenzi na Mtunzaji: Wasikilizaji wa Siti binti Saad katika Historia ya Wimbo wa Kiswahili

Historia za fasihi yetu zimezoea kuwataja watungaji na kuwasahau wasikilizaji. Tumeandikiwa habari za Muyaka, za Mwana Kupona na za Shaaban Robert. Tumehesabiwa bahari za ushairi, vina na mizani. Lakini yule mtu aliyeketi barazani akausikiliza wimbo, akaupenda, akaukariri na kumfunza mwanawe, hana sura yake katika vitabu. Nia ya makala haya ni kumtafutia mtu huyo mahali pake. Mfano tutakaoutumia ni wa Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji na mtunzi, kwa sababu mapenzi ya watu kwake yameacha alama zinazoweza kuchunguzwa: santuri, kitabu, sauti za waimbaji waliomfuata, na kumbukumbu za wazee. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya Siti tumeyapata mikononi mwa wapenzi wake, na kwamba jambo hili lina faida na hatari ambazo mtafiti wa lugha hana budi kuzipima.

1. Neno kutunza

Katika taarab, msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, hujongea mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, na kumpa mwimbaji fedha mkononi. Kitendo hicho huitwa kutuza, na wengi husema kutunza. Neno hili la pili, kama tujuavyo sote, lina maana nyingine pia: kuhifadhi kitu na kukilinda kisiharibike. Hatudai hapa kwamba maana hizi mbili zina asili moja. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba zinakutana katika mtu mmoja. Mpenzi wa mwimbaji hutoa, na mpenzi huyo huyo huweka.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba anayetunza hatoi fedha tu, bali hutoa kauli. Mtunzi wa taarab aghalabu hutunga kwa mafumbo, bila kumtaja mtu. Mwanamke anapoinuka wakati ubeti wa usaliti unapoimbwa, akapita mbele ya jirani yake kabla ya kumfikia mwimbaji, amelipa fumbo lile anwani. Ubeti uliotungwa kwa watu wote umekuwa usemi wake yeye, kwa siku ile, juu ya jambo lile. Kwa hiyo maana ya wimbo haikamiliki penye karatasi. Hukamilishwa na aliyeupenda kiasi cha kuinuka kitini.

2. Siti na watu wake

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa hali ya chini katika jamii iliyogawanyika kwa nasaba. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, naye alikwisha kuwa msichana mkubwa. Aliuza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, akivitembeza kwa miguu na kuvinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wageuze shingo kabla hawajamjua mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya maskini. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ndefu, na hakuna awezaye kujipa jina kama hilo akalipokelewa. Watu ndio waliolikubali na kulitumia.

Taarab aliyoikuta mjini ilikuwa na makao ya juu. Tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, muziki huu ulihusishwa na jumba la mfalme na na wasanii waliofunzwa kwa mtindo wa Misri. Chama cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905 kiliendelea kuimba kwa Kiarabu. Siti naye alijifunza nyimbo za Kiarabu, akaimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Hata hivyo jina lake lilijengwa na kazi aliyoifanya pamoja na wenzake, miongoni mwao Subeit Ambar, Mbaruk Effandi, Budda na Mwalimu Shaaban. Hawa waliimba kwa Kiswahili, na waliimba Ng'ambo.

Wasikilizaji wa Ng'ambo walikuwa vibarua, mafundi, wauza vyakula, wajoli wa zamani na wana wa wajoli. Kwa nini walimpenda hivyo? Jibu la haraka ni sauti yake, nasi hatulipingi. Lakini sauti peke yake haielezi kwa nini nyimbo zake ziligeuka kuwa mazungumzo ya mtaa. Siti aliimba juu ya mambo waliyoyajua: hukumu za mahakama, ulaghai wa wenye nafasi, wanawake waliodhulumiwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, mwaka 1928. Watu waliokuwa wakidai haki yao juu ya viwanja walivyojengea nyumba zao walimwona Siti ni mmoja wao, aliyefika walikozuiliwa kufika na hakuwakana aliporudi.

Wapinzani wake nao walimtungia wimbo wa kumkebehi, wakimkumbusha ukoo wake duni. Alijibu kwa wimbo, akipima utu kwa akili na si kwa sura wala nasaba. Jibu hilo lilihifadhiwa na wapenzi wake kama mtu ahifadhivyo hati ya shamba, maana lilikuwa jibu lao pia.

3. Santuri na Kiswahili sanifu

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwapeleka Siti na wenzake Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Hadi mwaka 1930 kundi hilo lilikuwa limerekodi nyimbo zaidi ya 250. Santuri zikaenea pwani na bara, zikapigwa katika mikahawa na nyumba za watu ambao hawakupata kumwona mwimbaji.

Msomaji wa jarida hili atakuwa ameukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Ni mwaka 1928 ambapo mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Hatusemi kwamba moja ya mambo haya lilisababisha lingine. Tunasema tu kwamba historia ya usanifishaji imeandikwa kana kwamba Kiunguja kilisafiri ndani ya vitabu vya shule peke yake. Katika miaka hiyo wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko waliojua, na wasiojua kusoma walikuwa na masikio. Mtu wa bara aliyeusikiliza wimbo wa Siti mara hamsini mpaka akauweza alikuwa amejifunza matamshi ya Kiunguja, methali zake na mafumbo yake, bila ya mwalimu wala mtihani. Kamati ilishughulikia tahajia na sarufi. Mapenzi ya wasikilizaji yaliifanya kazi ambayo Kamati haikuwa na njia ya kuifanya.

Mwandishi wa makala haya alizisikia nakala za santuri hizo kwa mara ya kwanza akiwa masomoni Ulaya. Mikwaruzo ilikuwa imefunika maneno kadha, lakini aliweza kuyajaza, kwa kuwa nyanya yake alikuwa akiuimba wimbo mmojawapo akipepeta mchele. Baadaye, aliposikiliza nakala iliyo safi zaidi, aligundua kwamba neno moja la nyanya lilikuwa tofauti na la Siti. Vina havikuharibika, mizani haikupungua, na maana ya nyanya ilikuwa kali zaidi. Je, lipi ni neno sahihi? Mhakiki wa miswada atachagua la santuri. Lakini kwa miaka mingi wimbo huo uliishi Mombasa kwa neno la nyanya, na historia ya wimbo isiyolitaja ni nusu ya historia.

4. Mpenzi aliyeandika

Kati ya wapenzi wote wa Siti, aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, jirani na Tanga, na akaonana na Siti karibu na mwisho wa maisha ya bibi huyo, aliyefariki mwaka 1950. Matokeo yake ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kimesomwa shuleni na vizazi vya wanafunzi, na wengi wetu tulimjua Siti kwa maandishi kabla ya kumsikia.

Wahakiki wamekuwa wakisema kwamba kitabu hiki ni cha sifa. Ni kweli. Shaaban anampenda anayemwandika na hajifichi. Anaonyesha jinsi Siti alivyonyimwa nasaba, mali, elimu na uzuri wa sura, kisha jinsi kipaji na tabia vilivyomwinua. Kila tukio linatolewa funzo. Anayetafuta tarehe na hesabu atachoka upesi. Anayetafuta maadili atashiba.

Hata hivyo tunaona kwamba lawama hiyo imekomea njiani. Swali la kuuliza ni hili: mwaka ule wa mwisho wa Siti, nani mwingine alikwenda kumsikiliza akiwa na kalamu? Serikali ya kikoloni ilikuwa na wanahistoria wake, nao hawakuona kwamba maisha ya binti wa mfinyanzi yalistahili kitabu. Aliyeona ni mshairi aliyempenda. Kama angengoja mpaka awe mtu asiyependelea upande, angekuta kaburi. Upendeleo wa Shaaban ndio uliotupatia chanzo tunachokilaumu kwa upendeleo.

Tena sifa zenyewe ni ushahidi. Shaaban alipochagua kumsifu mwanamke asiye na ukoo kwa akili na subira yake, alikuwa akipigana na mizani ileile ya nasaba iliyotumiwa kumkebehi Siti. Kwa hiyo Wasifu usomwe mara mbili: mara ya kwanza kama habari za Siti, na mara ya pili kama habari za wasikilizaji wake, walivyotaka akumbukwe na walivyotaka wao wenyewe waonekane. Mkusanyo wa Waimbaji wa Juzi, uliotolewa Dar es Salaam mwaka 1966, ulifuata njia nyingine: uliweka maneno ya nyimbo za Siti na wenzake. Vitabu hivi viwili vinahitajiana.

5. Waliokumbuka

Maneno ya wimbo nayo hayatoshi. Chukua wimbo wa Kijiti, uliotokana na mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam na kwenda Unguja. Mwuaji alitoroka, na wimbo ukawa kilio juu ya tukio na juu ya sheria. Anayeusoma leo bila maelezo atauona umejaa majina na madokezo yasiyofunguka. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya burudani na siasa za Unguja, aliyafungua mengi kwa kuwauliza wazee waliouishi ulimwengu wa nyimbo hizo. Walikumbuka beti, na pamoja na beti wakakumbuka nani alifanya nini na mtaa ulisemaje. Hiyo ndiyo kutunza katika maana zake zote mbili.

Wimbo huohuo ulifika kwetu pia kwa kinywa cha Bi Kidude, aliyemfuata Siti tangu utotoni, akajifunza nyimbo zake kwa kusikiliza, na kuendelea kuziimba hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2013. Bi Kidude hakuwa kinanda cha kurudia sauti ya mwingine. Aliziimba kwa sauti nzito ya kwake, akizifupisha na kuzirefusha alivyopenda. Mpenzi wa aina hii huuhifadhi wimbo kwa kuubadilisha, jambo ambalo Shaaban hakulifanya kwa kalamu wala Bombay haikulifanya kwa mashine.

6. Hitimisho

Tumeona wapenzi wa namna tatu: aliyeandika, aliyeimba na aliyekumbuka. Kila mmoja ametunza kwa njia yake, na kila mmoja amepunguza kitu. Mwandishi hupunguza kasoro, mwimbaji hupunguza asili, mkumbukaji hupunguza yale yasiyomhusu. Mtafiti awasikilize wote watatu pamoja, wala asimdharau yeyote kwa sababu ya kupenda. Mapenzi hupotosha, lakini asiyependa hahifadhi chochote cha kupotoshwa.

Somo hili linatugusa hapa Kenya kwa karibu. Ustadh Juma Bhalo wa Mombasa alifariki mwaka 2014. Nyimbo zake nyingi, pamoja na za wenzake, zilirekodiwa katika kaseti zilizouzwa madukani Mombasa, na nyingine zilinaswa arusini. Kaseti hizo zimo makabatini mwa wapenzi wake, na wenyewe wanajua kila wimbo uliimbwa arusi gani, ulimlenga nani, na nani aliinuka kutunza. Utepe unaharibika kwa unyevu wa pwani, na wenye kujua wanazeeka. Idara zetu huwatuma wanafunzi kila mwaka kwenda kukusanya vitendawili na ngano. Tunapendekeza kwamba waanze kutumwa pia kwa watu hawa, wakiwa na chombo cha kunasia sauti na daftari: wanukuu maneno ya wimbo, na baada ya kila ubeti wamwulize mwenye kaseti anachokijua. Shaaban Robert alifika kwa Siti katika mwaka wake wa mwisho. Kwa wengi wa wazee wetu, muda uliobaki si mrefu zaidi ya huo.