Zaka ya Mahindi ya Songea: Itolewe Lini na Apewe Nani

Zaka ya mazao haingoji mwaka upite kama zaka ya fedha. Katika Surat al-An'aam, aya ya 141, Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameamrisha haki yake itolewe siku ya kuvuna. Songea hulima kwa msimu mmoja wa mvua, hivyo mwenye shamba huko, hata akiwa anaishi Unguja au Pemba, zaka yake humkuta katikati ya mwaka, mahindi yakishakauka na kupukuchuliwa.

Nisabu ni wasaq tano, ambazo wengi hukadiria kuwa kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo 100. Yaliyoota kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi: katika magunia 20, mawili. Ya kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Kwa Mashafi gharama ya mbolea na vibarua haipunguzwi, nalo ni zito kwa mkulima.

Magunia hayo mawili yaende wapi? Kauli mashuhuri ya Mashafi ni kuwa hayahamishwi ikiwa wanaostahiki wapo pale yalipovunwa. Basi fakiri wa Songea humtangulia jamaa wa Unguja, ingawa moyo huvutwa nyumbani. Tena hutolewa mahindi yenyewe. Mahanafi ndio wanaoruhusu thamani yake.

Wala yasiwekwe ghalani hadi Januari kwa hoja kwamba ndipo njaa inapokaza. Zaka imeshakuwa mali ya wenyewe. Anayeihurumia miezi hiyo atenge sadaka katika magunia 18 yaliyobaki, na humo jamaa wa Unguja naye apate.

Wallahu A'alam.