Kihusishi Safarini: Historia ya Dhana ya Sarufi Baina ya Bungoma na Kitale

Makala haya yanachunguza historia ya dhana moja ya sarufi, yaani kihusishi, tangu ilipoundwa katika sarufi za Kigiriki na Kilatini hadi ilipomfikia mwanafunzi wa Kiingereza wa magharibi ya Kenya. Hoja yetu ni kwamba ugumu unaomkabili mwanafunzi huyo hautokani na upungufu wa lugha yake. Unatokana na desturi ya kumkaririsha orodha ya maneno pasipo kumwonyesha uhusiano ambao maneno hayo yanaueleza.

Jina la Kilatini, praepositio, sawa na lile la Kigiriki lililolitangulia, lina maana ya kitu kilichowekwa mbele. Linataja nafasi, si kazi. Nafasi hiyo ikageuzwa kuwa sheria: mwaka 1672 John Dryden alimkosoa Ben Jonson kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi, ingawa Kiingereza chenyewe kiliruhusu muundo huo. Lindley Murray, katika sarufi yake ya 1795, alikihesabu kihusishi miongoni mwa aina za maneno, na mpangilio wa namna hiyo ndio alioufuata Edward Steere alipoeleza Kiswahili mwaka 1870. Istilahi yetu, kihusishi, imetokana na kitenzi husisha. Nayo, kinyume na ile ya Kilatini, inataja kazi.

Tofauti hii si ya majina tu. Katika sentensi "Alitoka nyumbani" na "Aliingia nyumbani", neno la mahali halibadiliki. Mwelekeo umebebwa na kitenzi. Kiingereza hudai "from" katika sentensi ya kwanza na "into" katika ya pili. Hali kadhalika, "Alimwandikia mama barua" haina kihusishi chochote, kwa kuwa uhusiano umo ndani ya kauli ya kutendea. Si ajabu kwamba D. V. Perrott, akiwaandikia wasomaji wa Kiingereza mwaka 1951, aliiita kauli hiyo kauli ya kihusishi. Aliiona kazi, akaipa jina la nafasi.

Katika Lubukusu, lugha ya wenyeji wengi wa Bungoma, mahali hudhihirishwa kwa viambishi awali: munju ni ndani ya nyumba, khumesa ni juu ya meza, mumusiru ni ndani ya msitu. Kwa hiyo mtoto wa Kibukusu huja shuleni akiwa tayari anatofautisha undani na ujuu kwa viambishi viwili, mu- na khu-, ambavyo kwa sehemu kubwa vinakaribiana na "in" na "on". Kiambishi tamati -ni cha Kiswahili hakiitofautishi mikabala hiyo; huiachia upatanisho wa pale, kule na mle.

Kitale ina historia nyingine. Mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalikusanya vibarua wa jamii mbalimbali, na lugha ya amri ikawa Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho, ambacho watafiti hukiita Kisetla. Katika Kiswahili cha bara, mtu husema "niko kwa shamba" pahali pa "niko shambani". Hapa "kwa" ni kihusishi halisi hata kwa kipimo cha Kilatini, ila ni kimoja kinachobeba mzigo wa vingi.

Sera za elimu hazikuzingatia tofauti hizo. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza lugha ya eneo la shule katika madarasa ya mwanzo. Kwa mapendekezo haya ya pili, mtoto wa kijiji cha Bungoma angeliweza kuvukia Kiingereza kutoka Lubukusu, na mwenzake wa mji wa Kitale kutoka Kiswahili. Madaraja ni mawili, lakini orodha ya vihusishi ya kukaririwa ni moja, na mtihani ni mmoja.

Mhakiki wa fasihi naye anahusika. Katika anwani ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), kihusishi kimesimama mwishoni bila kijalizo. Msomaji ndiye anayepaswa kujiuliza ni baina ya nini na nini. Kiswahili hakiuachi uwazi huo kwa urahisi, kwani "baina ya" hudai kutajiwa pande zake. Tafsiri ya Kiswahili inaitwa Njia Panda. Kihusishi kimetoweka, ila uhusiano umebaki: pande mbili na mtu anayelazimika kuchagua.

Mfasiri alifanya lile ambalo mwalimu hana budi kulifanya darasani. Aanze na uhusiano, auulize unakaa wapi katika lugha ya mwanafunzi, iwe ni katika kiambishi, kitenzi au neno, ndipo aonyeshe Kiingereza kinauweka wapi. Mwanafunzi aliyekosea "in" kwa "on" huenda anaujua undani na ujuu barabara. Asilolijua ni makazi mapya ya maarifa yake.