Ushanga na Shaba: Mali Yetu au ya Wageni?

Kila mara tunapoongea juu ya mapambo ya bankambo, kunatokea mtu wa kutuambia: "Lakini bushanga si kitu yetu, ni Bazungu balileta." Maneno hayo yana ukweli nusu, na ukweli nusu unaweza kupoteza watoto. Leo vijana wa Kolwezi wanatunga mikufu na bangili, wengine kwa kutoa zawadi siku ya ndoa, wengine kwa kuuza kwa intaneti. Mnunuzi wa mbali akiwauliza, "Hii ina maana gani?", wanabaki kimya. Basi tutafute jibu pamoja.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mwaka 1957 na 1958, watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya kale kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la mto uleule Lualaba unaotupa jina la jimbo letu. Makaburi mengi yalikuwa ya karne ya 10 mpaka ya 13. Ndani walikuta vyungu vizuri, vyombo vya chuma, na mikufu na bangili za shaba. Pamoja na hayo, kulikuwa kauri na ushanga wa kioo, kidogo tu, vitu vilivyotoka upande wa Bahari ya Hindi. Mreno Diogo Cão alifika mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Maana yake, bankambo wetu walivaa ushanga wa kutoka mbali karne nyingi mbele ya Mzungu wa kwanza. Ulipita mkono kwa mkono, soko kwa soko. Shaba yetu nayo ilisafiri vilevile: misalaba midogo ya shaba ilitumika kama feza. Kisha, katika ufalme wa Waluba, ushanga nao ukawa feza.

Lakini feza si yote. Waluba waliufanya ushanga kuwa kitabu. Chama cha Bambudye kilitunza lukasa, ubao wa mti unaoenea mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri. Mwenye kujua aliupapasa kwa kidole huku akisimulia habari za wafalme. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia, safari ya mtu fulani. Waganga waliotabiri walivaa nkaka, kilemba cha shanga chenye jina la kakakuona. Walunda nao waliwavika wakubwa wao taji za shanga. Kioo kilitoka kwa wageni, ndiyo. Elimu iliyotungwa juu yake ni ya hapa.

Tusifiche sehemu ya uchungu. Katika karne ya 19, shanga nyingi za Venice ziliingia kwa misafara. Richard Burton, aliyetoka pwani ya Zanzibar mwaka 1857 kwenda Tanganyika, aliandika kwamba ushanga mwekundu, samesame, uliitwa pia "kivunja mji", juu wanawake waliupenda kupita kiasi. Aliandika tena kwamba mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa barani alipata hasara. Basi watu wa bara hawakupokea tu, walichagua. Lakini kule Bunkeya, mji wa Msiri ambao leo uko ndani ya jimbo letu, misafara ya kutoka Benguela na ya kutoka pwani ya mashariki ilileta ushanga, nguo na bunduki, ikaondoka na shaba, pembe, na watu. Watu walibadilishwa kwa vitu vya namna hiyo. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na wakoloni wakaishika nchi. Mtu anayeuza ushanga leo anapaswa kujua na hiyo.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na Kolwezi ikazaliwa mwaka 1937 juu ya shaba ileile. Bafundi wetu walijifunza kukata malakiti, jiwe la kijani la shaba, na kulitoboa kuwa shanga. Hapo sasa hakuna wa kutuambia kwamba kimetoka Venice! Ila kazi hiyo inataka akili: jiwe likatwe na maji, mdomo na pua vifunikwe, maana vumbi lake linadhuru.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mali haihesabiwi kwa mahali ilipotoka tu, inahesabiwa pia kwa kazi na maana tuliyoitia. Hatukatazi kuuza. Hata bankambo waliuza. Ila tunawaomba vijana mambo mawili. Kwanza, kabla ya kutunga, mwende kwa bamama wazee muulize: rangi hii ilivaliwa na nani, siku gani, na nani hakuruhusiwa? Pili, jibu hilo mliandike kwenye karatasi ndogo, iende pamoja na mkufu. Zawadi au bidhaa, ibebe habari yake. Lukasa ilikuwa na vidole vya kuisoma. Vidole hivyo vikikosekana, shanga zitabaki, lakini zitakuwa kioo tu.