Gereza lilikuwa kanisa

Mwambie mtu kwamba gereza asili yake ni kanisa, atakukatalia. Lakini ndivyo: Wareno kanisa huliita igreja, na midomo ya pwani ikalilainisha. Ngome zao zilikuwa na makanisa ndani, basi jina likaenea hadi kwenye ngome yenyewe. Kilwa Kisiwani lile boma la mawe ufukweni linaitwa Gereza mpaka leo, wala hafungwi mtu humo. Kisha ngome zikatiwa wafungwa. Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Kuta zilezile, maana nyingine! Sijaona neno lililosafiri mbali hivi. Mwenzake, jela, tulilipata baadaye kwa Waingereza.